Mgomo wa Mombasa 1947: nyongeza ya mshahara ilikuwa huruma ya serikali au jasho la makuli?

Mjukuu wa Gatini (Changamwe):

Asalaam alaikum, na habari zenu nyote.

Naomba msaada wa wanaojua historia ya bandari yetu. Jumamosi iliyopita tulikuwa matangani Rabai. Tulipomaliza kula, wazee wakakunja miguu mkekani, soga ikaanza. Mjomba mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, akasema Mzungu pamoja na ubaya wake alikuwa na sikio. Makuli wa Kilindini waligoma mwaka 1947, serikali ikamweka jaji, jaji akasikiliza, watu wakaongezwa mshahara. "Leo ukigoma nani atakuita kukusikiliza?" akamalizia, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nilinyamaza kwa adabu, mimi ni mdogo pale. Lakini neno lile limenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Sababu ni kwamba babu mzaa baba alikuwa kuli gatini mwaka huo. Nilikaa naye utotoni, amefariki 1994 nikiwa na miaka 15, na picha aliyoniachia haifanani na hii ya mjomba.

Babu alikuwa mtu mfupi, mkavu. Nyuma ya shingo, pale bega linapoanzia, alikuwa na sugu kubwa kama nusu ya embe, ngumu, ngozi yake inang'aa kama imepakwa mafuta. Tulipokuwa watoto alituachia tuibonyeze. Alituambia hapo ndipo pamba ya Uganda ilipokaa, na kahawa, na kila kilichoshuka kwa reli kwenda melini. Alitwambia pia namna walivyokunja gunia tupu, pembe moja ikaingizwa ndani ya nyingine, likavaliwa kichwani kama kofia ya mvua ili mzigo usichubue. Hata alipozeeka, mvua ikinyesha, hakutafuta mwavuli. Alikunja gunia.

Shangazi bado anacho kile kikopo cha bati cha kipande chake, ile karatasi ya kuandikishwa ya wakati wa ukoloni. Kina kijitundu pale kamba ilipopita. Karatasi iliyokuwa ndani imeshakuwa unga, ukifungua inamwagika kama ugoro. Babu hakupenda tukiguse. Alisema walikivaa shingoni kama mbuzi na kengele yake, ili mwenye mbuzi ajue yuko wapi.

Kuhusu mgomo alikuwa na maneno machache, na aliyarudia vilevile kila mara: "Siku kumi na mbili tulikula mihogo, na mji ukanyamaza. Winchi zikanyamaza. Ukilala Majengo usiku unasikia bahari." Hapo alikuwa akitabasamu. Sisi tukimuuliza, babu, mlishinda? Tabasamu linaondoka. "Walitupa shilingi, wakamchukua kijana wetu." Basi. Kijana gani, alichukuliwa wapi, hakusema. Baba yangu alidhani ni ndugu aliyefia vitani. Shangazi alidhani ni mtoto aliyekufa kabla hawajazaliwa wao.

Mimi mwenyewe ni karani wa makontena, kila siku napita lango lilelile. Siku hizi mzigo unanyanyuliwa na mashine na mimi nashika kalamu. Naona ni haya kupita pale bila kujua aliyenitangulia alipitia nini.

Kwa hiyo nauliza. Ile nyongeza ya 1947 ilitoka kwa huruma ya serikali kama anavyosema mjomba, au ililazimishwa? Na kama kuna anayejua, huyo kijana ni nani?

Sauti ya Bonde (Nakuru):

Pole kwa msiba, ndugu.

Mimi sitamlaumu mjomba wako moja kwa moja. Ukitazama makaratasi ya wakati ule utaona ndani ya serikali yenyewe walikuwepo watu waliokwisha kuona kwamba mambo hayaendi. Mwaka 1939 Mombasa iligoma, ikaundwa tume ya Willan, na baadhi ya wafanyakazi wakapata posho ya nyumba. Idara ya Kazi ikaanzishwa 1940. Mwaka 1945 kamati ya Phillips ikachunguza tena manung'uniko ya Mombasa, ikaeleza wazi kwamba mshahara umepangwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto, kana kwamba familia yake italishwa na shamba la kijijini milele. Hayo waliandika maafisa wa kikoloni wenyewe. Na huko London wakati huo chama cha Labour ndicho kilichokuwa madarakani, chama cha wafanyakazi.

Kwa hiyo mimi nasema ukweli uko katikati. Mgomo ulisukuma mlango, lakini wako walioanza kuulegeza kwa ndani.

Mwalimu Mstaafu (Voi):

Mjukuu wa Gatini, marahaba hata kabla hujaniamkia, maana swali lako limenifanya niondoke kitandani. Nimefundisha historia miaka 31 na mgomo huu nilikuwa nikiupa kipindi kizima hata pale mtaala ulipoupa mistari miwili. Nitaandika kirefu, univumilie.

Anza na neno kibarua, kwa kuwa babu yako alikuwa kibarua kabla ya kuwa kitu kingine chochote machoni pa serikali. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Makuli wengi wa Kilindini hawakuwa na mwezi. Alfajiri wanasimama, mnyapara anachagua, mwenye bahati anaingia, asiye na bahati anarudi Majengo na njaa yake. Jioni unalipwa, kesho unaanza upya kama hujawahi kuonekana. Mabepari wa meli walipenda mpango huu kwa sababu siku isiyo na meli hawakudaiwa kitu. Serikali haikuupenda sana, kwa sababu nyingine. Mtu wa siku hana cha kupoteza akikaa nyumbani. Huwezi kumfukuza kazi mtu ambaye hukumwajiri jana. Ndiyo maana makuli waligoma 1934, wakagoma 1939, na wakawa wepesi kugoma tena.

Kipande nacho tukieleze kwa vijana wanaosoma hapa. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ndani ya bati. Mwajiri aliandika humo siku uliyoanza, siku uliyoondoka, na kiasi alichokulipa. Hapo kwenye kiasi ndipo penye sumu. Ukienda kwa mwajiri mwingine na kudai shilingi zaidi, anafungua bati, anasoma ulichopokea jana, mazungumzo yamekwisha. Na ukiondoka kabla ya kuandikiwa kuwa umeachiliwa, wewe ni mtoro, na utoro wa kazi ulikuwa kosa la jinai. Kwa hiyo babu yako aliposema mbuzi na kengele, alieleza sheria kuliko mawakili wengi.

Sasa twende 1947. Vita vimekwisha, bei zimepanda, vyumba vya Majengo vimejaa watu hadi ukumbini, na mshahara umebaki nyuma ya gharama za sokoni. Jumatatu tarehe 13 Januari watu hawakuingia kazini. Si makuli peke yao. Reli, serikalini, mahotelini, wapishi na maboi wa majumba ya Wazungu. Hesabu inayotajwa ni watu 15,000 hivi. Fikiria mji mzima wa bandari, lango la Kenya na Uganda, mizigo imekaa melini na chai haijapikwa. Babu yako alivyosema kwamba ulisikia bahari kutoka Majengo, usidhani ni mashairi.

Kila siku walikusanyika kwenye uwanja ulioitwa Kiembeni, hapohapo Majengo. Humo ndimo lilimozaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Nataka ulishike jambo hili kwa sababu ndilo lililoitia serikali homa kuliko madai ya shilingi: uwanjani pale palikuwa na Mmijikenda, Mkikuyu, Mluo, Mkamba, Mtaita, Mswahili, Mwislamu na Mkristo, kuli wa siku na karani wa mwezi. Miaka yote serikali ilizoea kuzungumza na kila kabila kupitia chifu wake. Pale hapakuwa na chifu wa kuitwa.

Serikali ilijibuje? Kwanza kwa polisi na askari mjini. Askari hawakuzibeba pamba. Ndipo akashuka Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliyeteuliwa 1944. Akawaomba watu warudi kazini kwa ahadi kwamba baraza la usuluhishi litakaa na madai yao yatasikilizwa. Walirudi tarehe 25, baada ya siku 12 kamili. Jaji aliyewekwa alikuwa Thacker, na katika miezi iliyofuata baraza lake likatoa nyongeza. Hapo mjomba wako yuko sahihi, jaji alikaa na nyongeza ilitoka.

Ila ndugu yangu wa Nakuru, nikujibu kwa heshima. Tume ya Willan ilikuja baada ya mgomo wa 1939. Kamati ya Phillips ilikuja baada ya migomo ya wakati wa vita. Thacker alikuja baada ya 1947. Sijaona hata moja iliyotangulia mgomo. Na Phillips aliandika hayo mazuri uliyoyataja mwaka 1945, halafu 1946 yote ikapita. Waliojua walijua, na bado kuli alilipwa kama mtu asiye na mke. Kujua peke yake hakukumwongezea mtu hata senti.

Sasa kijana. Huyo ni Chege Kibachia.

Alikuwa mtu wa Kiambu, amesoma Alliance, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Yeye ndiye aliyekuwa rais wa lile Shirikisho. Baada ya mgomo hakutulia. Aliona kwamba ikiwa Mombasa peke yake ina umoja, itasagwa peke yake, basi akaanza kulipeleka Shirikisho bara. Agosti 1947 alikuwa Nairobi kwa kazi hiyo. Tarehe 22 Agosti akakamatwa. Akahamishwa hadi Kabarnet, Baringo, akawekwa huko karibu miaka 10. Waliojaribu kushika nafasi yake nao waliandamwa, Shirikisho likanyauka.

Septemba hiyohiyo wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands, kule Kiambu, waligoma, na kati ya madai yao lilikuwemo la Kibachia kuachiwa. Polisi walipiga risasi, watu 3 wakafa.

Kwa hiyo soma tena maneno ya babu yako: walitupa shilingi, wakamchukua kijana wetu. Ni historia ya mwaka mzima katika sentensi moja. Nyongeza na kuhamishwa vilitoka mkono mmoja, miezi michache tu kati yake. Shilingi ziliwalenga watu warudi kazini. Kabarnet ililenga wasiwe na mtu wa kuwaita tena Kiembeni.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wangu walikuwa hawaamini mpaka niwaonyeshe tarehe. Huyo jaji Thacker, mwaka 1950, ndiye aliyesikiliza shauri la Makhan Singh kule Nyeri. Makhan Singh ndiye aliyeanzisha chama cha wafanyakazi Nairobi tangu 1935, na Mei Mosi 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni kule Nairobi, akasimama na kudai uhuru kamili. Wiki tatu baadaye yeye na Kubai wamekamatwa, na Nairobi ikagoma kesho yake. Baada ya Nyeri alipelekwa kaskazini, Lokitaung na baadaye Maralal, hakuachiwa hadi Oktoba 1961. Na huyohuyo Thacker ndiye aliyekaa Kapenguria, akamhukumu Kenyatta na wenzake 5 mwezi Aprili 1953, Kubai akiwemo. Jaji wa mshahara wa makuli ndiye jaji wa Kapenguria. Ukimweleza mjomba sikio la Mzungu, umweleze na hilo.

Dada wa Utete (Nairobi):

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwanasheria mchanga na kuna kitu sijakielewa. Huyo Kibachia kama alivunja sheria kwa nini asishtakiwe tu kama mtu mwingine? Mgomo walishaumaliza Januari, yeye anakamatwa Agosti.

Mwalimu Mstaafu (Voi):

Marahaba mwanangu. Umegusa penyewe. Kushtaki kunahitaji kosa, na kosa linahitaji ushahidi, na ushahidi unasemwa hadharani watu wakisikia. Kumhamisha mtu kulihitaji amri tu. Serikali ilikuwa na uzoefu mrefu. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 kwa kupinga kipande, kodi na kupunguzwa mishahara. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kumdai, Mary Nyanjiru akiwa mbele, wakapigwa risasi, na Nyanjiru mwenyewe akafa hapo. Thuku hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado upande wa Kenya, na hakurudi kwao hadi 1930 imeshapita. Kismayu, Kabarnet, Lokitaung. Chukua ramani utazame. Walichagua mahali ambapo hata anayekupenda hawezi kupata nauli ya kukufuata.

Na faida nyingine kwao: mtu aliyefungwa ana tarehe ya kutoka, watu wanahesabu. Aliyehamishwa kwa amri hana tarehe. Watu wanachoka kuhesabu.

Binti Gerezani (Dar es Salaam):

Shikamooni wakubwa, na pole kwa wafiwa.

Naomba niongeze upande wa kwetu kwa sababu habari ya Mombasa ilifika huku ikiwa bado ya moto. Dar makuli walishagoma 1939 na 1943. Halafu Septemba 1947, miezi 8 baada ya Mombasa, wakagoma tena, na safari hii haikubaki bandarini. Ilipanda treni. Morogoro, Dodoma, Tabora, mpaka huko mwisho wa reli. Reli waliyoijenga wakoloni kubebea katani na pamba ndiyo iliyobeba habari, na mimi jambo hili huwa linanisisimua kila nikilifikiria, maana hapakuwa na simu ya kijana yeyote mfukoni.

Na majibu ya serikali yalikuwa vilevile alivyoeleza Mwalimu. Kwanza nyongeza, ilitoka. Chama cha makuli kikaruhusiwa kuandikishwa, na Abdulwahid Sykes akawa katibu wake. Februari 1950 wakagoma tena, mambo yakageuka vurugu, polisi na wagomaji wakaumizana, na baada ya hapo chama kikavunjwa. Kilivunjwa kabisa, mali yake ikauzwa.

Bibi yangu alikuwa akiuza uji karibu na lango la bandari. Alisema baada ya 1950 makuli walikuja kunywa uji wanaume 20 na hakuna anayezungumza, kila mmoja anatazama bakuli lake, kwa sababu hujui aliyekaa pembeni yako anapeleka maneno kwa nani. Kabla ya hapo, alisema, kelele zao zilimfanya atoe bei kwa vidole.

Lakini angalieni pia kwamba Sykes huyohuyo alikuwemo katika safari iliyofika TANU mwaka 1954. Chama kilivunjwa, watu hawakuvunjwa.

Mvuvi wa Funguni (Unguja):

Nanyi msitusahau. Wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma 1948, na mgomo ukatapakaa mji mzima. Wengi wao walikuwa watu wa bara, waliokuwa wakenda na kurudi kati ya Mombasa, Dar na huku. Mombasa Januari 1947, Dar Septemba 1947, Unguja 1948. Bahari ni moja, jahazi likitia nanga linashusha na habari.

Sauti ya Bonde (Nakuru):

Mwalimu nimesoma na nimeridhika na hoja ya Phillips, kwamba 1946 ilipita bure. Hilo sikuwa nimelipima. Ninabaki na neno moja tu: vipi 1955? Makuli wa Mombasa waligoma tena katikati ya hali ya hatari, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasuluhisha, wakapata nyongeza ya asilimia 33. Hakuna kijana aliyechukuliwa hapo.

Mwalimu Mstaafu (Voi):

Kweli kabisa, na ni ushindi ambao siudharau. Lakini kumbuka kilichofanyika katikati. Baada ya 1947 serikali ilimleta mtaalamu wa vyama kutoka Uskoti, James Patrick, awafundishe Waafrika aina ya chama kinachokubalika: chama cha kazi moja, kinachozungumza na mwajiri mmoja, kuhusu shilingi tu. Shirikisho la Kibachia lilikusanya kazi zote, na lilikuwa likiuliza kwa nini mji unaendeshwa hivi. Hilo halikuachwa liote tena. Na 1954 makuli wa siku wakaandikishwa kwa majina na namba, asiyejitokeza kwa idadi ya siku iliyowekwa anaondolewa kwenye daftari. Ule uhuru wa mtu wa kibarua kukaa nyumbani, ambao ndio uliokuwa silaha yake, ukakatwa. Kwa hiyo 1955 walipata 33, tena kwa haki yao. Lakini walikuwa wakidai ndani ya ua uliokwisha jengwa. Mboya alikuwa hodari wa kucheza ndani ya ua ule, hapo nakuunga mkono.

Mjukuu wa Gatini (Changamwe):

Mwalimu, shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliposoma nilisimama mezani nikatoka nje.

Umeandika Kabarnet.

Babu alikuwa na tabia ambayo nyumbani tuliihesabu ni ya uzee. Kila alipokutana na mtu wa bara, hasa askari au dereva wa lori, baada ya salamu alimuuliza: "Kwenu na Kabaneti ni mbali?" Popote. Kwenye matatu, hospitalini akiwa kwenye foleni, hata kwa yule kijana Mkalenjin aliyekuja kusoma mita ya maji. Wengine walisema ni mbali, wengine hawakujua. Yeye alikuwa akiitikia, "Ehe, mbali," halafu ananyamaza. Tulikuwa tukicheka jikoni. Mama alidhani ana mpango wa kununua ng'ombe huko.

Jana usiku nilimpigia shangazi nikamsomea jibu lako lote kwa simu, polepole, maana masikio yake si mazuri. Nilipofika kwenye jina la Kibachia akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kumbe ni mtu." Kisha akaniambia nisilolijua, kwamba kabla sijazaliwa babu aliwahi kwenda Nairobi mara moja tu maishani mwake, kwa treni ya daraja la tatu, akakaa siku mbili akarudi, na alipoulizwa alikwenda kufanya nini akasema alikwenda kutazama kama ni kweli wametoka wote. Shangazi hakumbuki ni mwaka gani. Anakumbuka tu kwamba alirudi na sukari guru na kwamba nguo zake zilikuwa na vumbi jekundu.

Sauti ya Bonde, nakushukuru kwa kuleta Phillips, bila wewe Mwalimu asingetupangia zile tume na migomo yake. Binti Gerezani, wale makuli wa bibi yako waliotazama mabakuli yao nimewaona kabisa. Babu naye alikula hivyo.

Arobaini ni tarehe 9. Mjomba atakuwepo. Nimeyaandika majibu ya Mwalimu kwa mkono kwenye daftari, kwa herufi kubwa, kwa sababu mjomba haoni vizuri kwenye simu. Shangazi atakuja na kikopo.